Mama Mabwawa na Ndege Aliyemfuta kwa Mkono Wake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke amelala kifudifudi juu ya tuta la udongo, viwiko vyake vimezama kwenye nyasi zenye umande. Kamera yake imelazwa juu ya kifuko cha kitambaa kilichojazwa mchele ulioliwa na wadudu. Mbele yake, hatua kama thelathini, ndege mmoja mwembamba amesimama peke yake kwenye tope la pembeni mwa bwawa.

Miguu ya ndege huyo ni ya njano.

Nyuma ya mwanamke huyo mlinzi wa lango amechuchumaa, kofia mkononi. Kila mtu hapa humwita Sajini, ingawa hajawahi kuvaa sare yoyote zaidi ya hii ya ulinzi. Ananong'ona.

"Ni yeye?"

"Sijui bado."

"Mama, miguu si hiyo hapo? Njano kama kiini cha yai!"

"Miguu nimeiona. Nasubiri mgongo."

Sajini anajikuna kidevu. "Mwaka juzi hukusubiri mgongo."

"Ndiyo maana leo nasubiri," anajibu, bila kuondoa jicho kwenye kamera.

Mwanamke huyu ana miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mhudumu wa mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji huu mdogo. Kazi yake inaeleweka kwa pua kabla ya kuelezwa kwa maneno. Asubuhi huvaa buti za mpira na glavu ndefu, akashika reki na kuondoa kila kilichonasa kwenye wavu wa chuma: matambara, chupa, viatu vya upande mmoja, na siku moja meno ya bandia ambayo hadi leo hakuna aliyekuja kuyadai. Hufungua valvu, hupima kina cha maji, hufyeka majani kwenye matuta. Kisha huandika yote kwenye daftari la kazi.

Watu humwita Mama Mabwawa. Mwanzoni jina hilo lilikuwa la dhihaka. Siku hizi analitumia mwenyewe akipiga simu.

"Pua huzoea," anasema na kucheka. "Macho ndiyo hayazoei. Kila siku yanaona kipya."

Mabwawa yenyewe ni matatu. Majitaka huingia la kwanza, hutulia la pili. La tatu, lililo chini kabisa karibu na uzio, halitumiki tena tangu mitambo mipya isimikwe. Lina maji ya kufika gotini, tope laini na majani marefu upande mmoja. Kwa mhandisi, hilo ni shimo lisilo na kazi. Kwa ndege wa majini wanaosafiri kutoka mbali na kuvuka wilaya nzima ya mashamba makavu, hilo ni meza iliyoandaliwa.

Na Bwawa la Tatu ndilo linalomfanya leo alale kwenye umande. Mwezi ujao bodi ya maji itakaa kuamua kama lifukiwe na kuwa uwanja wa kuhifadhia mabomba, au liachwe lilivyo.

Habari ya yeye kuanza kuangalia ndege ingeweza kuitwa ajali ya ofisini. Katika daftari la kazi kuna safu ya mwisho iliyoandikwa "Maoni". Msimamizi wake alitaka ijazwe kila siku, na yeye maoni yakamwishia. Siku moja, miaka sita iliyopita, aliandika: "Ndege wengi."

Daftari likarudi na neno moja la wino mwekundu: "Wangapi?"

"Alikuwa ananikejeli," anasimulia. "Mimi nikadhani ni agizo la kazi. Nikaenda nikawahesabu."

Walikuwa mia tatu na sita. Kesho yake akaandika idadi hiyo, na keshokutwa akawahesabu tena, wakawa mia tatu tisini. Hapo likamkaa kichwani swali ambalo halijamtoka hadi leo: hawa themanini na wanne wa ziada wametoka wapi?

Akanunua daftari la pili, la ndege peke yao. Akaazima darubini yenye kioo kimoja kilichopasuka. Baadaye alisikia kwamba mpiga picha wa harusi wa mjini anastaafu na kuuza vifaa vyake, na kwa akiba ya miezi kumi na minne akanunua kamera yenye lenzi ndefu. Lenzi hiyo ilikuwa ikipiga machozi ya mabibi harusi kutoka mwisho wa ukumbi. Sasa ikahamia kwa bata maji.

Mume wake ni fundi cherehani. Alipoona mkewe anarudi kila siku na malalamiko kwamba ndege wanamwona mapema, alimshonea joho la kujifichia kwa mabaki ya vitambaa vya sare za shule, kijani na hudhurungi, viraka juu ya viraka.

"Ndege wakimtazama," anasema fundi, sindano ikiwa mdomoni, "wanadhani ni mwanafunzi aliyerudia darasa mara nyingi."

Mshahara wa mhudumu ni ule unaofika mwisho wa mwezi ukihema. Hakuna aliyewahi kumlipa kwa kuhesabu ndege wala kwa kuwapiga picha. Hata hivyo, kila Jumamosi alituma picha na idadi kwa kamati ya kumbukumbu za ndege ya wilaya, kundi la watu saba wanaojitolea kutunza orodha ya kila aina ya ndege iliyowahi kuonekana humo. Katibu wake ni mwalimu mstaafu wa biolojia. Wao wawili walijuana kwa simu kwa mwaka mzima kabla ya kuonana uso kwa uso.

Kisha likaja jambo la mwaka juzi.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Kwenye pembe ya mashariki ya Bwawa la Tatu aliona kitwitwi, yule ndege mwembamba wa kwenye tope mwenye miguu mirefu na mdomo kama sindano. Vitwitwi wa kawaida anawajua kama anavyowajua majirani: miguu yao ni ya kijanikijivu. Huyu alikuwa na miguu ya njano iliyoiva.

Katika vitabu, ndege wa namna hiyo yuko mmoja: kitwitwi miguu-njano, wa bara jingine kabisa, anayepotea njia mara moja moja na kutokea mahali asipotarajiwa. Wilayani hakuwahi kuonekana hata siku moja.

Alipiga picha arobaini na mbili. Ishirini kati ya hizo zilitoka ukungu. Jioni ndege hakuwapo tena.

Kamati ilizitazama picha na wote saba wakatia sahihi. Orodha ya wilaya ikapanda kutoka aina mia mbili themanini na saba hadi themanini na nane. Picha yake bora ikawekwa kwenye kalenda ya mwaka jana, ukurasa wa kwanza, ikatundikwa kwenye ofisi, benki na kliniki. Yeye alipewa kalenda ishirini na shukrani nyingi.

Kilichokuwa kikubwa kuliko kalenda ni trekta. Lilikuwa limeshafika langoni kufukia Bwawa la Tatu. Bodi ya maji ilipoiona picha ikaliamuru lirudi. Haikufaa, walisema, kufukia mahali palipotembelewa na mgeni wa namna hiyo.

"Nilitembea kama nimeota mabawa," anakumbuka. "Hata muuza mboga aliniongezea fungu."

Mwaka ukapita hivyo, wa heshima na tabasamu. Mwezi wa kumi ulipofika tena, mwaka jana, Mama Mabwawa alikuwa juu ya tuta lilelile, na pembeni pale pale alisimama kitwitwi mwingine. Huyu alikuwa amelala kwa mguu mmoja, kama wafanyavyo ndege wa majini, mguu mwingine ukiwa umekunjwa ndani ya manyoya ya tumbo. Mguu uliosimama kwenye tope ulikuwa wa njano.

Ndege akaamka, akajinyoosha, akateremsha mguu wa pili.

Ulikuwa wa kijanikijivu.

"Nilimwangalia kwa muda ule wa kumeza mate mara tatu," anasema. "Mguu mmoja njano, mwingine kijani. Nikajiambia, wewe mama, ndege hanunui soksi."

Alishuka kwenye tuta bila kupiga picha nyingine. Alikwenda ofisini akachukua daftari la kazi la mwaka uliotangulia, akalipeleka nyumbani saa ya chakula cha mchana, na kwenye meza ya kukatia nguo ya mumewe akalilaza sambamba na daftari la ndege.

Daftari la kazi lilisema: "Tarehe nne. Bomba la kuingizia limekwanguliwa. Kutu nyingi. Maji ya kusuuzia yamepelekwa Bwawa la Tatu, pembe ya mashariki."

Daftari la ndege lilisema: "Tarehe tisa. Kitwitwi miguu-njano!!! Bwawa la Tatu, pembe ya mashariki."

Bomba hilo hukwanguliwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi, na maji yake ya kutu hupelekwa bwawa lisilotumika. Aliyefungua valvu siku ile ni yeye. Katika watu wote walioitazama picha ile, wenye vitabu na wenye shahada, ni yeye peke yake aliyekuwa na madaftari yote mawili.

Fundi alisoma mistari miwili ile, akainua macho. "Mwandiko huu ni wako. Na huu ni wako."

"Ndiyo."

"Basi shahidi wa kukupinga umekuja naye mwenyewe."

Hata hivyo alitaka kuhakikisha. Alijaza beseni tope la kutu kutoka pembe ile, akalileta nyumbani, na kwa kuwa hakuwa na kitwitwi wa kufanyia jaribio, akamchukua kuku mweupe wa mama mkwe wake, mwenye miguu iliyopauka, akamsimamisha ndani ya beseni.

Mama mkwe alitoka jikoni akasimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Mkwe wangu, kuku wangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mama. Namkopa miguu tu."

"Miguu! Na mayai nayo utayakopa?"

"Dakika thelathini, mama."

"Mwanangu alioa msafishaji, sasa ana mpelelezi nyumbani," bibi alisema, lakini akavuta kigoda akakaa kuangalia.

Baada ya nusu saa kuku alitolewa akaachwa juani akauke. Miguu yake ilikuwa ya njano iliyoiva. Waliiosha kwa maji, haikutoka. Waliisugua kwa sabuni, ikafifia kidogo. Siku nne nzima kuku yule alitamba uani kama aliyevalishwa kwa sherehe, na kila alipopita, Mama Mabwawa aligeuza uso.

Ukweli ulikuwa umesimama uani kwa miguu miwili. Lililobaki ni kuusema.

Hakuficha kwamba alisita. Siku tatu alikwenda kazini na kurudi bila kupiga simu. Akisema, kalenda itakuwa kichekesho, kamati itaaibika, na zaidi ya yote bodi haitakuwa na sababu ya kulizuia trekta. Akinyamaza, bwawa litabaki, ndege watakula, na hakuna mtu duniani atakayejua.

Siku ya tatu alimuuliza mumewe, aliyekuwa akikata suruali.

"Nisiposema?"

"Usiposema, kalenda itakwisha mwezi wa kumi na mbili, na watu watasahau."

"Na nikisema?"

"Trekta litakuja." Fundi aliweka mkasi chini. "Mimi nikikosea kukata, mteja asipogundua si neno. Akianza kuisifu ile nguo mbele za watu, hapo ndipo inaponichoma. Wewe umesifiwa mwaka mzima, mke wangu. Inakuchoma au haikuchomi?"

Alitoka nje akapiga simu akiwa amesimama karibu na banda la kuku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za huko?"

"Ni kuhusu yule ndege wetu."

Sauti ya Mwalimu ikaruka. "Amerudi?"

"Hapana, Mwalimu. Hakuwahi kuja."

Akamweleza yote: bomba, kutu, mguu mmoja, beseni, kuku. Kisha akasikia kicheko kidogo, cha mtu aliyejikwaa mbele ya darasa.

"Miaka thelathini na nane," Mwalimu akasema, "niliwafundisha watoto wa watu kwamba rangi ya miguu hudanganya, tazameni mgongo. Halafu wa kwanza kutia sahihi nikawa mimi. Mama, tulikuwa na njaa ya kumwona."

"Sasa tufanyeje?"

"Andika barua ya kumfuta. Lazima itoke kwako. Na uambatanishe picha ya huyo kuku."

Barua yake ina mistari sita. Ya mwisho inasema: "Naomba ndege huyu aondolewe kwenye orodha, kwa sababu miguu ile niliipaka mimi, bila kujua, kwa valvu namba saba." Orodha ya wilaya ikarudi mia mbili themanini na saba.

Habari haikukawia kufika sokoni. Muuza mboga yule yule aliyemwongezea fungu alimuuliza, "Mama Mabwawa, ndege wako ameshaoga?" Kinyozi wa jirani akamwita Mama Kutu. Yeye alicheka nao, kwa kuwa, anasema, ukiwahi kujicheka mwenyewe unawapunguzia wengine kazi. Lakini nyumbani aliweka kamera juu ya kabati na hakuigusa kwa wiki mbili.

Wiki ya tatu bodi ilimwita.

Alivaa gauni lake zuri na kubeba mfuko wenye madaftari. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, feni iliyolalamika, na ukutani kalenda yenye picha ya ndege wake. Mwenyekiti hakuzunguka.

"Mama, tulirudisha trekta kwa ajili ya ndege mmoja. Sasa unatuambia ndege huyo hayupo?"

"Hakuwepo, mheshimiwa."

"Basi bwawa lina nini?"

Alifungua daftari la ndege. "Jumanne iliyopita, mheshimiwa, ndege elfu moja mia nane na tisa. Jumanne kabla ya hiyo, elfu moja mia sita sabini. Ninazo Jumanne za miaka mitano."

Mjumbe mmoja mwenye miwani akainama mbele. "Na hao nao umeiangalia miguu?"

Chumba kikaangua kicheko. Naye akacheka.

"Hao nimehesabu vichwa, mheshimiwa."

Msimamizi wake, aliyekuwa amekaa kwenye kona, akanyoosha mkono polepole. Ni yule wa kalamu nyekundu. "Nami naomba kuthibitisha," akasema. "Nilimuuliza wangapi kwa kumtania. Hajaacha kunijibu mpaka leo."

Mwenyekiti alilivuta daftari, akafungua kurasa kadhaa, akasimama kwenye ule wa tarehe tisa wenye alama tatu za mshangao. Ulikuwa umekatwa mstari mmoja kwa rula, na pembeni yake maneno "Si yeye. Tazama daftari la kazi, tarehe nne." Aliuangalia ukurasa huo kwa muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote.

Uamuzi ulitolewa jioni hiyo: bwawa lipewe mwaka mmoja. Ndege wahesabiwe mara mbili kwa wiki na watu wawili, kila mmoja kivyake, na hesabu zao zisipishane sana. Kama mwaka mzima wastani utakuwa ndege elfu moja au zaidi, bodi itafikiria kuliacha. Ukipungua, trekta.

Mtu wa pili akawa Sajini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Hesabu yake ya kwanza aliiandika hivi: "Wengi mno." Mama Mabwawa akairudisha na neno moja la wino mwekundu.

Leo Sajini ana mbinu yake. Kwa kila ndege kumi hutia kokoto moja mfukoni, na mwisho huzimwaga kofiani na kuzihesabu. Kuna siku hesabu yake ilipungua mia mbili arobaini chini ya ya mwenzake, wakabishana hadi karibu wanuniane, mpaka walipokuta kokoto ishirini na nne zimejipanga kwenye njia ya tuta, moja baada ya nyingine. Mfuko ulikuwa umetoboka. Fundi cherehani aliutia kiraka bila malipo, akasema huo ndio mchango wake kwa sayansi.

Mpaka wiki hii zimebaki hesabu tisa tu, na wastani ni ndege elfu moja mia moja na kumi na wawili. Ni juu ya mstari, lakini si mbali nao. Mvua zikichelewa, ndege wakapita bila kutua, wiki chache tu zinaweza kuuvuta chini. Ndiyo maana hakuna Jumanne wala Ijumaa aliyokosa, hata ile aliyokuwa na homa na mama mkwe akamsindikiza kwa mwavuli, akimgombeza njia nzima.

"Wanasema nilipoteza ndege mmoja," anasema. "Mimi nilipata macho. Zamani nikiona ndege nilikuwa nauliza, ni adimu? Sasa nauliza, ni nani? Ni maswali mawili tofauti kabisa."

Mabadiliko mengine ni ya kazi. Kwa ombi lake, maji ya kusuuzia bomba mwaka huu yamepelekwa kwenye shimo la nyuma ya mitambo. Pembe ya mashariki haina kutu. Ndiyo maana asubuhi hii, kitwitwi wa miguu ya njano alipotua pale pale, hata Mwalimu, aliyepigiwa simu alfajiri, alikosa usingizi wa pili.

"Kutu hakuna?" aliuliza.

"Hakuna, Mwalimu. Nimepitia daftari."

"Basi subiri aruke. Mgongo, mama. Mgongo!"

Akiruka, siri yote hufichuka kwa sekunde mbili. Mgeni wa mbali ana weupe juu ya mkia tu, wa mraba, mgongo wake ukiwa wa kahawia. Wa kawaida ana weupe unaopanda mgongoni hadi kati ya mabawa kama ncha ya mkuki. Fundi amewahi kumfupishia mkewe kwa lugha yake: mmoja ana kiraka, mwingine ana mshono.

Saa mbili kasoro. Jua limepanda juu ya uzio. Ndege anatembea, anachoma tope, anatembea. Wavu wa chuma unasubiri kusafishwa. Sajini amebadilisha mguu wa kuchuchumaa mara tatu.

"Mtishe kidogo," ananong'ona. "Kijiwe kimoja tu."

"Mgeni hafukuzwi ili umwone mgongo."

"Bodi inakaa mwezi ujao, mama. Huyu akiwa yeye, mambo yamekwisha. Piga picha ya miguu, peleka. Safari hii hakuna kutu, nani atasema kitu?"

Kidole kiko juu ya kitufe.

Mwewe anapita juu, mbali. Kivuli chake kinagusa maji, na bwawa zima linainuka kwa mara moja, mabawa mia kadhaa kwa pamoja, na katikati ya vurugu hiyo lenzi ya harusi inamfuata ndege mmoja tu. Kamera inalia mfululizo. Kisha ukimya.

Anageuza kamera, anatazama kioo kidogo nyuma yake, anakuza picha. Sajini ameinama hadi kofia inamdondoka.

Weupe unapanda mgongoni kama ncha ya mkuki.

"Mshono," anasema Mama Mabwawa.

"Aaah!" Sajini anakaa chini kwenye umande kwa uzito wake wote. "Na miguu je?"

"Wapo wachache wa kawaida wenye miguu hiyo, Mwenyezi Mungu aliwapa. Mwalimu aliniambia." Tayari ameshatoa daftari kifuani. Anaandika kwa herufi ndogo zilizonyooka, bila alama hata moja ya mshangao: "Kitwitwi wa kawaida, miguu njano, si kutu. Mmoja." Kisha anapiga jumla ya vitwitwi wa leo. Ni sitini na wawili.

Ndege wanaanza kurudi, makundi kwa makundi, wakijimwaga kwenye tope kama hakuna lililotokea. Mama Mabwawa anainuka, anapangusa nyasi kwenye joho la viraka, anachukua darubini. Leo ni Ijumaa. Hesabu waliyoianza alfajiri inapaswa kuanza upya kwa kuwa wote waliruka.

"Haya, Sajini. Kokoto."

Akiulizwa anatumaini nini, hataji kalenda wala jina lake kwenye orodha. Anataja hesabu tisa zilizobaki. Baada ya hizo, bwawa likiachwa, angependa kuwe na kibanda cha mbao juu ya tuta, chenye tundu la kutazamia, ili watoto wa shule waje wahesabu naye, na kila atakayesema "wengi" aulizwe swali la wino mwekundu. Fundi ameshapima kitambaa cha pazia.

Na yule wa bara jingine?

Anatabasamu, macho yakiwa majini, midomo ikiendelea kuhesabu kimya kimya hadi afike kumi na Sajini atie kokoto mfukoni.

"Akija kweli siku moja, atanikuta hapa hapa," anasema. "Nitaanza na mgongo. Miguu nitaitazama mwisho."